Hatamu ya Asali

Kila asubuhi Balwinder Singh hufungua duka lake la vitambaa pale Harrow, hunywa chai, kisha huanza kujisifu. Aliuza vitambaa Nakuru, na sasa anauza London. Hapimi kwa tepu. "Jicho langu ndiyo tepu," husema. Wateja hucheka, maana mara nyingi ni kweli.

Wiki ile alikuwa na mengi ya kujisifia. Jumamosi mwanawe Chaman angeoa. Kwa desturi ya Masingasinga kama wao, bwana harusi huenda harusini juu ya farasi jike, upanga mkononi. Na farasi huyo hakuwa wa kukodi. Alikuwa Asali, farasi wa binti yake Parminder, aliyetunzwa kwenye zizi nje kidogo ya mji. Parminder mwenyewe alikuwa amemfundisha Asali mtindo wa kauboi, ambao mpandaji humwongoza farasi kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili ungebaki kushika upanga. Harrow nzima ilikuwa imeshaambiwa.

Lakini hatamu ya zamani ilikatika. Hatamu ni mikanda anayovaa farasi kichwani, pamoja na vigwe vya kumwongozea na chuma cha mdomoni kiitwacho lijamu.

"Usijali, mwanangu," Balwinder alimwambia Parminder. "Baba yako atanunua."

Akanunua hatamu iliyong'aa kuliko zote, yenye vioo, shanga na rangi ya dhahabu. Kichwa cha Asali hakukipima. Alikitazama mara moja tu, basi.

Jumatano waliijaribu. Asali alitikisa kichwa, akarudi nyuma, akakanyaga ndoo ikapasuka.

"Dad, inambana! Please, mvue!" Parminder alilia.

Mwenye zizi, mama mmoja Mwingereza asiye na maneno mengi, alisema wazi: kesho jioni angemwangalia tena. Asali asipotulia, hatoki zizini Jumamosi.

Balwinder alirudi nyumbani, hatamu mkononi. Jirani yake Cosmas, dereva wa basi aliyestaafu, alikuwa akikata majani ya ua.

"Baba Chaman, kulikoni? Leo hata salamu ya majivuno hakuna?"

Balwinder akamweleza yote. Cosmas akaweka mkasi chini.

"Nionyeshe hiyo hatamu."

"Wewe bwana, farasi unawajulia wapi?"

"Nilikuwa saisi Nairobi miaka kumi na miwili. Nililisha farasi, nikawasugua, nikawavisha."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na kule nyumbani, ni nani aliyemuuliza saisi kitu?"

Balwinder aliona haya, kwa sababu Nakuru yeye pia hakuwahi kumuuliza saisi yeyote kitu.

Cosmas aliukunja mkanda mmoja. Rangi ya dhahabu ikapasuka na kubanduka. Akavuta mshono, uzi ukaja wote. Akakwaruza lijamu kwa ukucha, na chini ya mng'ao kulikuwa na kutu.

"Umenunua pambo, ndugu yangu. Kesho twende na tepu."

"Tepu?" Balwinder akashtuka.

"Tepu. Jicho lako linajua hariri. Kichwa cha farasi ni kitu kingine."

Asubuhi iliyofuata Balwinder, Cosmas na Parminder walisimama zizini. Cosmas alimnong'oneza Asali, naye akainamisha kichwa. Wakapima kutoka pembe moja ya mdomo, juu nyuma ya masikio, hadi pembe ya pili. Balwinder mwenyewe ndiye aliyeshika tepu. Kisha wakapima upana wa mdomo, ili lijamu isibane wala isicheze mno.

Mjini walipata duka la vifaa vya farasi. Kwenye kona moja palikuwa na kapu la vitu vilivyotumika. Cosmas hakuchagua. "Binti yangu, farasi ni wako," alisema. "Niambie unaona nini."

Parminder alichukua hatamu ya kahawia isiyo na pambo lolote. Akaukunja mkanda. "Haupasuki," alisema. Akavuta mshono. "Uzi ni imara. Nyuzi zimekaribiana." Akapitisha kidole pembezoni. "Laini. Haitamchubua."

"Na bizimu za kufungia mikanda?" Cosmas aliuliza.

"Hazina kutu. Mashimo ni mengi, tunaweza kurefusha au kufupisha."

"Lakini haing'ai!" Balwinder alilalamika.

"Itang'aa ukiipaka mafuta," Cosmas alijibu. "Ngozi nzuri hulipwa kwa matunzo." Bei yake haikufika hata nusu ya ile yenye shanga. Lijamu walinunua mpya, ya chuma kisichoshika kutu.

Jioni ile Parminder alimvisha Asali. Mkanda wa paji la uso haukugusa mizizi ya masikio. Kati ya koo na mkanda wake alipitisha kiganja kizima. Lijamu ilikaa mdomoni bila kuvuta. Chaman, aliyekuja kumjaribu, akapanda, akashika vigwe kwa mkono mmoja, na rafiki yake akapiga ngoma kama ya harusi. Asali alisimamisha masikio, akatembea taratibu kama mama mwenye harusi yake. Mwenye zizi akaitikia kwa kichwa. Parminder alimkumbatia Asali shingoni, akalia kwa furaha.

Jumamosi barabara ilijaa ngoma na vilemba vya waridi. Chaman alikaa wima, upanga mkono wa kulia. Upande mmoja wa farasi alitembea Parminder. Upande wa pili alitembea Cosmas, amevaa kilemba alichofungwa na Balwinder kwa mikono yake mwenyewe.

Shangazi mmoja kutoka Nairobi akamvuta Balwinder kando. "Mwuza vitambaa mzima, farasi wa mwanao hana hata shanga moja?"

"Shika ngozi hiyo, dada. Ishike!" Balwinder alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Imechaguliwa na binti yangu. Na ukitaka kujua kwa nini farasi ametulia, muulize mwalimu wetu, Bwana Cosmas."

Watu wakamgeukia Cosmas. Akaanza kueleza, polepole, nao wakasikiliza.

Balwinder alitembea nyuma yao, kifua mbele. Alitoa kitu mfukoni, akamwonyesha kila aliyempita.

"Tepu," alimwambia. "Tulipima!"