Kijiko Mkononi mwa Mama

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na mlio wa cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na chumba chao kimoja ndicho kilichokuwa karakana. Vitambaa vilijaa chini ya kitanda, na pini zilikuwa kila mahali, hata ndani ya viatu. Jina la Chiriku lilikuwa la utani. "Huyu," mama aliwaambia wateja, "huanza kuongea kabla hajafumbua macho."

Asubuhi moja cherehani haikulia. Chiriku alimkuta mama sakafuni, mdomo umepinda, upande wote wa kulia umelegea. Hospitalini walisema ni kiharusi; presha ilikuwa imempanda siku nyingi naye hakuwahi kupima.

"Mkono huo huenda usirudi," daktari alimwambia mama mdogo, ndugu wa mama aliyekuja kukaa nao.

Haukurudi. Maneno nayo hayakurudi. Mama aliguna tu. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, wakiangalia pembeni. Mama mdogo alishinda sokoni akiuza mboga tangu alfajiri hadi jioni sana; mchana jirani alimchungulia mama, lakini alfajiri na jioni kazi ilikuwa ya Chiriku: kumwogesha mama, kumgeuza, kumlisha. Darasani alisinzia. Marafiki waliacha kumpitia. Hata kuongea aliacha.

Jioni moja alikuwa akimlisha mama supu. Mama aliupiga mkono wa Chiriku, na supu ikamwagikia sare aliyotoka kuifua.

"Basi usile!" Chiriku alifoka. "Nimechoka! Kila siku unamwaga tu!"

Chozi lilimtiririka mama shavuni. Chiriku alitoka mbio, akaketi kizingitini akalia kwa kwikwi. Hapo ndipo mama mdogo alipomkuta.

"Mama hatapona, sivyo?"

Mama mdogo alitua kapu lake. "Sitakudanganya, mwanangu. Hatakuwa kama zamani."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui. Kwa kweli sijui."

 Kisha Chiriku alijifuta kamasi, akarudi ndani.

"Nisamehe, mama." Alichukua kijiko kumlisha tena. Mama akausogeza mkono wake wa kushoto, polepole, ukashika mpini wa kijiko na kuuvuta. Chiriku alishangaa. Kumbe mama hakukataa chakula. Alikataa kulishwa.

Akamwachia. Supu ilimwagika kifuani, ikamwagika shukani. Mara ya tatu ikafika mdomoni. Mama alitafuna karoti huku akihema kama aliyepanda mlima.

Tangu jioni ile mama alikula mwenyewe. Chakula kilichukua muda mrefu, na nguo za kufua ziliongezeka. Cherehani iliuzwa. Lakini Chiriku alipata nafasi ya kufungua vitabu vyake pembeni ya kitanda, na hakumfokea mama tena.

Mama mdogo aliwatazama siku moja, akamwambia Chiriku, "Watu watakuambia shida humkomaza mtu. Si kweli, mwanangu. Shida peke yake huvunja watu, nimewaona. Siku ile ulitoka nje, na hakuna ambaye angekulaumu. Lakini ulirudi ndani. Kule kurudi ndiko kunakomkomaza mtu."

 Chiriku alikuwa amechoka. Alibeba beseni la shuka chafu, akaenda kufua.