Sarafu Juu ya Sindano

Nilimfumania mama wa kambo akiiua sauti ya marehemu mama yangu.

Mchana kweupe, sebuleni kwangu mtaa wa Nsemulwa, mlango umerudishiwa. Santuri inazunguka. Juu ya kichwa cha sindano kapachika sarafu mbili za mia mbili. Kafumba macho, midomo inacheza kama mtu anayenuiza.

Damu ilinipanda...

"Dorotea, unafanya nini?"

Akashtuka. "Sindano ilikuwa inaruka, mwanangu. Zamani kule Mwese tulikuwa tunaiwekea hela juu."

"Mimi si mwanao."

Ngoja niwaeleze, msije mkasema nina roho mbaya. Au semeni tu, sitawakataza.

Mama yangu mzazi, Emelyne, alifariki nikiwa mdogo mno. Hakuacha hata picha. Kulikuwa na santuri moja ya kwaya ya kwetu Mwese, iliyorekodiwa na mmisionari enzi hizo. Baba yangu, mzee Ladislas, alinipakata siku moja ikipigwa kanisani, akaniambia: "Huyo anayeimba peke yake ndiye mama yako."

Nimekua na maneno hayo. Gramafoni ya kanisa ilipokufa, padri akampa baba santuri, baba akanipa mimi. Miaka yote nikawa naishika tu, naifuta vumbi, naibusu. Mtanicheka, lakini wenzangu mna makaburi ya kupalilia na picha ukutani. Mimi nilikuwa na hiyo.

Mwaka huu mume wangu, Didace, akanionea huruma. Akaninunulia mtandaoni kile kicheza santuri cha mkoba, chenye taa za disko. Niliposikia mama anaimba nililia mpaka kamasi. Tatizo, sauti ilikuwa nyembamba kama ya katoto, na kila penye "s" inachafuka, shhhh...

Nikajiunga na kundi la wapenda santuri WhatsApp. Nilisoma, jamani. Nikajua kile kimkoba kinazungusha haraka kupita kiasi, ndiyo maana sauti inapaa. Nikajua sindano yake ni nzito, inakwangua mistari ya santuri, kila ukipiga inaondoka na kidogo.

Basi nikaagiza Dar mashine ya maana. Mkono wake una uzito nyuma, unauzungusha mpaka sindano iguse kwa gramu mbili tu. Katriji nayo, kile kichwa kinachobeba sindano, nikachagua ile yenye sindano iliyochongwa nyembamba, inayoshuka chini kabisa ambako sindano butu haijafika. Nikapiga marufuku: mtu asiguse santuri mpaka mzigo ufike.

Halafu huyu mwanamke, niliyempokea kwangu kwa sababu tu baba anatibiwa macho, anaongezea uzito!

"Mama yangu alishaoza, Dorotea. Bado unamwonea wivu?"

Akaziondoa sarafu zake moja moja.

"Kusanya nguo zako."

"Séverine..." Ana mwanya mpana wa mbele, jina langu kwake linatoka na mluzi. Tangu utoto nauchukia huo mluzi. "Mvua hii? Barabara ya Mwese unaijua."

"Bodaboda wanaijua zaidi."

Akamgeukia baba aliyekuwa amekaa nje ya mlango. "Baba Séverine, sema neno."

Baba akapapasa fimbo yake. Akageuzia uso pembeni.

Niwe mkweli, nilifurahi. Nilisimama barazani nikimwangalia anavyopanda pikipiki na kifurushi chake, matope yanamrukia gauni, nikasema moyoni leo mama kalipiziwa.

Mashine ikafika. Nikaita ukoo kwa sala ya kumbukumbu. Shangazi Aline, dada yake baba, akaja kutoka Magamba, majirani nao wakajaa. Baba akaniita pembeni.

"Usipige mbele za watu. Sikiliza kwanza mwenyewe."

"Unaona aibu mke wako wa kwanza asikike?"

"Hiyo santuri imeshachakaa, mwanangu. Iache."

Nikaona keshalishwa maneno na Dorotea. Nikaipima sindano kwenye mzani wake mdogo, nikaishusha taratibu.

Mikwaruzo ilikuwepo. Lakini chini ya mikwaruzo sauti ikatoka safi, nzito, ya mwanamke mzima. Watu wakaacha kutafuna. Ikafika penye "s" ya kwanza.

Ikapiga mluzi.

Nikadhani nimefunga katriji vibaya. Ikaja "s" nyingine.

Mluzi.

Shangazi Aline akaweka sahani chini. "Mbona huyu ni Dorotea?"

Sebule nzima ikanigeukia mimi.

"Baba?"

Mzee alikuwa analia na hayo macho yake yasiyoona. "Ulikuwa unalia kila siku unataka mama. Emelyne hakuwahi kuimba. Nikakupa sauti iliyokuwepo."

"Dorotea alijua?"

"Nilipomuoa nilimwomba asiimbe tena, usije ukamtambua. Akakubali. Hajaimba mpaka leo."

Mnaelewa nyie? Ile midomo iliyokuwa inacheza... alikuwa anaimba bila kutoa sauti. Sebuleni hamna mtu, na bado anaogopa nisije nikamsikia.

Kesho yake nikapanda pikipiki kwenda Mwese. Tulianguka kwenye matope, nikaona sawa tu. Nikamkuta nje ya nyumba anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikatoa neno ambalo sikuwahi kumpa.

"Mama."

Hakuinua uso. "Mashine ilifika?"

"Ilifika."

"Inatoa vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Tumekusikia. Nisamehe, rudi nyumbani uniimbie."

Akakung'uta gauni, akachukua ungo wake, akasimama mlangoni.

"Séverine, nilinyamaza ili wewe uwe na mama. Sasa unaye, yuko kwenye santuri. Rudi kwake."

Nikasikia komeo linaingia. Nilikaa pale mpaka dereva wa pikipiki akachoka kunisubiri. Hakufungua.

Funzo mnalitaka? Mkitaka kununua kicheza santuri niulizeni, najua. Vya mkoba viacheni, na sindano isikanyage zaidi ya gramu mbili. Ila kabla hujahangaikia sauti ya marehemu, mwangalie vizuri huyo aliye hai anayekupikia, unayemwona mtu baki.

Baba bado yuko kwangu. Jioni anapapasa ukuta mpaka sebuleni, anakaa karibu na mashine, ananiomba nimpigie sauti ya Dorotea kidogo.

Namjibu kwa upole kabisa.

"Hiyo santuri imeshachakaa, baba. Iache."