Bilauri ya Tatu

Shangazi yangu Tehit alikuwa na ulimi mkali kuliko kisu cha mhunzi, na Iferwan nzima tulimzoea hivyo. Alasiri hiyo alikaa mlangoni mwa hema lake akichemsha chai ya mnanaa, huku akinisimanga kwamba natwanga uwele kama mgonjwa. Mwanawe wa pekee, Ghumur, alikuwa amekwenda Bilma, ng'ambo ya jangwa, na msafara wa chumvi, nao ulikuwa umechelewa. Kadiri ulivyochelewa, ndivyo sisi tulivyozidi kutukanwa.

Mgeni akatokea upande wa mitende. Kilemba cha nili kilimfunika uso hadi chini ya macho, na hakuwa na ngamia. Alisalimu kwa sauti iliyokauka, akaketi kushoto kwa mlango, mahali alipozoea kuketi Ghumur.

"Hapo pana mwenyewe," shangazi alimwambia.

Hakuhama. Kwetu mgeni hafukuzwi, wala haulizwi jina kabla hajanywa chai mara tatu. Shangazi akamimina, uso ameukunja, akamuuliza kama ana habari za msafara. Mgeni akajibu kwamba anazo, atazitoa kwenye bilauri ya tatu.

"Siku hizi hata habari zinauzwa kwa chai," shangazi akasonya.

Ya kwanza aliinywa chini ya kilemba. Vidole vyake vikaacha alama za buluu kwenye bilauri. Ya pili aliinywa kwa pupa. Hapo Tinifist, mke wa mhunzi, aliyekuwa ameketi nasi, akanifinya na kunionyesha mchanga. Alikopita mgeni hakukuwa na nyayo.

Tinifist akamnong'oneza shangazi, "Huyo ni wa nyikani. Akimaliza ya tatu, hatoki tena humu."

Shangazi akachomoa kisu, akakichomeka mchangani kati yake na mgeni, maana viumbe vya nyikani huogopa chuma. Mgeni hakushtuka. Alinyoosha mkono.

"Nimebakiza moja tu," alinong'ona.

"Kanywe kwenu."

Shangazi akaimwaga bilauri ya tatu mbele ya magoti ya mgeni.

Mgeni aliutazama mchanga ukinywa. Hakukasirika. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Akainuka, akarudi mitendeni. Mitende yenyewe ni michache. Tulingoja. Hakutokea upande wa pili.

Msafara ulipofika, ngamia wa Ghumur alikuwa hana mtu. Kiongozi wao alitusimulia bila kuinua macho. Dhoruba ya mchanga iliwatenganisha naye, wakamtafuta, wakamkuta alasiri moja amelala jangwani, kiriba chake kimekauka zamani. Lakini midomo yake ilikuwa mibichi, na alinukia mnanaa.

Shangazi akauliza kama alisema neno.

"Alifumbua macho mara moja," kiongozi akajibu. "Akasema, 'Mama ameimwaga.' Basi."

Tangu siku hiyo sijamsikia shangazi akimtukana mtu, na heri angetutukana. Tulihamisha hema, kama ifanywavyo baada ya msiba. Asubuhi yake, kushoto kwa mlango mpya, mchanga ulikuwa umelowa, kiduara kidogo kinachonukia mnanaa. Tukahama tena. Kikatufuata. Jua letu linalopasua mawe halijawahi kukikausha.