Mtoto Hakuvushwa

Tulikuwa tunatoka mji wa Savage kufunga tairi za theluji, mimi na binti yangu Elinaja wa miaka saba. Novemba, saa kumi na moja na nusu jioni, giza limeshaingia. Simu yangu ikalia, Elinaja akaichungulia.

"Daddy! Imefika saba!"

Ilikuwa app ya kutabiri taa za kaskazini, zile nuru zinazocheza angani. Kipimo kikifika saba, hata sisi wa mjini tunaziona. Mke wangu Doris ndiye aliyeniwekea. Miaka mitatu alizisubiri dirishani, na kila mara mawingu yalimuwahi. Kansa ikamchukua Februari, hajaziona hata mara moja.

Siku ya maziko, dada yake Ernestina alinivuta pembeni. "Shemeji, mama akiacha mtoto mdogo, mtoto huvushwa juu ya jeneza mara tatu. La sivyo mama atamrudia."

"Shemeji, hapa ni Minnesota," nikamjibu, kwa kiburi changu cha usomi. Mtoto hakuvushwa.

Basi jioni ile ya Novemba nikaegesha karibu na mto, nikamshusha Elinaja nimpige picha. Juu niliona ukungu wa kijivu tu. Ndivyo zilivyo, jicho huona kijivu, simu huona wekundu na kijani. Ila picha moja huchukua sekunde tatu, na anayepigwa lazima atulie.

"Usitikisike, mwanangu."

Moja... mbili...

Ikanijia harufu ya mafuta ya nazi. Ya moto. Doris aliyayeyusha juu ya hita kila asubuhi ya baridi kabla ya kujipaka.

Tatu.

Nikatazama picha. Mbingu nyekundu. Elinaja alitikisika, uso wake ukavurugika. Lakini aliyesimama nyuma yake, mwenye kitenge, hakutikisika hata kidogo.

Alikuwa amemshika mkono.

Nilimnyakua mtoto nikamwingiza garini. Mkono wake wa kulia ulikuwa na joto. Wa kushoto ulikuwa barafu.

Nikaendesha moja kwa moja hadi Richfield, kwa Ernestina. Aliitazama picha, akakaa chini. Nilistahili kusimangwa, lakini hakunisimanga.

"Kesho," akasema. "Kaburini."

Kesho yake alasiri tulisimama, mimi upande huu, yeye upande ule, tukampitisha Elinaja juu ya kaburi. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akacheka, akidhani ni mchezo. Mimi nililia kama mtoto.

"Mwachie, Doris," Ernestina akanong'ona. "Bado mdogo."

Jioni ile simu ililia tena. Saba. Nilitaka uhakika, nikamtoa Elinaja hadi maegesho ya nyumba yetu, Saint Louis Park. Nikampiga picha tano.

Peke yake. Zote tano.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti, jirani akachungulia.

"Now you, Daddy," Elinaja akaichukua simu. "Usitikisike."

Nikatabasamu. Moja... Nikamkumbuka Doris dirishani, "Lusajo, njoo tuzisubiri wote," nami nikimjibu nimechoka, kesho. Kila mara kesho. Mbili...

Harufu ya nazi.

Elinaja aliitazama picha muda mrefu. Hakuogopa, na hilo ndilo linalonitisha hadi sasa.

"Mommy amekukumbatia," akasema.

Nilimpigia Ernestina. Nikamweleza.

"Mtoto tunajua kumvusha, shemeji," akasema taratibu. "Mume... sijawahi kusikia."

Usiku huu wanatabiri nane. Nimefunga mapazia yote. Elinaja amelala chumbani, na hana mwingine duniani ila mimi. Nalirudia hilo kila dakika, kwa sauti, nisije nikalisahau. Lakini sebule nzima inanukia nazi...

Na mkono unaolifungua pazia ni wangu.