Ukurasa Usio na Jina la Msemaji

Kila asubuhi Tamsin Wiebe alipofika shuleni alikung'uta theluji kwenye viatu, akavitia kabatini, kisha akapitia dirisha la jikoni kumsalimia Bi Prokop, mpishi wa shule. Huko kaskazini mwa Winnipeg, wakati wa baridi, supu ya Bi Prokop ndiyo iliyowatoa watoto wengi kitandani.

Majira hayo klabu ya maigizo ilikuwa ikiandaa filamu ya kuchekesha, ya aina ile inayojifanya habari ya kweli. Kamera humfuata mtu kazini, kisha mtu huyo hukaa peke yake na kuiambia kamera siri zake, uso mkavu kabisa. Tamsin, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alichaguliwa kuandika skripti. Aliamua kuandika habari za mpishi wa kubuni.

Mwalimu wao, Bi Ferland, aliwaeleza jinsi skripti inavyopangwa. Kila ukurasa uwe na jina la filamu. Kila onyesho lianze kwa kutaja mahali. Jina la msemaji liandikwe kwa herufi kubwa juu ya maneno yake, na pale anapozungumza na kamera peke yake, liongezwe neno MAHOJIANO. Tamsin aliona huo ni usumbufu mtupu. Nolan, rafiki yake ambaye angeshika kamera, alipomkumbusha, Tamsin alijibu, "Watu watacheka maneno, si mpangilio. Nitapanga baadaye." Akaandika yote mfululizo, akachapisha maktabani, akazoa karatasi zake haraka akaenda nyumbani.

Kesho yake dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa na taa zimezimwa. Mchana watoto waligawiwa biskuti na maziwa. Nolan alikuja mbio na habari. Kuna karatasi imeokotwa kwenye printa ya maktaba, mtu wa jikoni amekiri jambo baya, na mwalimu mkuu amewaita wakaguzi wa afya.

"Amekiri nini?" Tamsin aliuliza.

"Eti, 'Panya natia mwenyewe, wawili kila sufuria. Watoto wanaramba bakuli, mimi ni nani niwakatalie?'"

Tamsin aliweka biskuti yake chini. Maneno hayo aliyajua. Aliyaandika akicheka peke yake. Ukurasa ule haukuwa na jina la filamu wala la msemaji, ila "mimi" tu.

"Nolan, hayo ni yangu."

"Acha masihara wewe."

Lakini Nolan alipomtazama usoni, aliona hafanyi masihara.

Walipopita ofisini walimwona Bi Prokop amekaa na koti lake, mkoba mapajani, akitazama sakafu kama mwanafunzi anayesubiri adhabu. Tamsin alijua angeweza kupita tu, kwa kuwa hata jina lake yeye halikuwa kwenye ukurasa ule. Alisimama hapo kidogo. Kisha akabisha hodi.

Alieleza yote, akatoa kurasa zilizobaki. Mwalimu mkuu alizisoma akiwa amesimama, akawa mwekundu hadi masikioni, akamwomba radhi Bi Prokop kwa kumhukumu kabla ya kumuuliza.  Bi Prokop alimgeukia Tamsin.

"Binti, leo kuna mtoto amenipita koridoni akaziba pua. Jana mtoto huyo alinikumbatia."

 Tamsin alilia palepale mbele yao.

Wakaguzi walikuja, wakakuta jiko safi. Wanafunzi wote walikusanywa ukumbini, na Tamsin mwenyewe akasimama kueleza kosa lake. Sauti ilimkatika mara kadhaa, lakini alimaliza. Jioni hiyo alikaa na Bi Ferland kuipanga skripti upya, ukurasa kwa ukurasa, na panya wakaondolewa wote.

"Kichekesho hiki kinafanana na ukweli makusudi, na hapo ndipo utamu wake ulipo," alisema Bi Ferland. "Kwa hiyo mwandishi lazima aonyeshe wazi kwamba ni mchezo, na ni nani anayesema. Ukifanya uvivu hapo, mtu asiye na hatia ndiye anayeumia. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya leo: nenda mwenyewe ukaseme, kabla hujatafutwa."