Béthanie Hakusema Ndiyo

Kila asubuhi wanawake wa mtaa hupanga mabeseni ya mahindi mbele ya nyumba ya Béthanie, hapa Kamina. Béthanie ana mashini ya kusaga unga. Aliinunua mwenyewe, baada ya kuuza mihogo miaka mitano. Mume wake, Ézéchiel, ni mwalimu huko Kabondo-Dianda, na mshahara wake huchelewa. Mashini hiyo ndiyo inayowalisha watoto wanne na kuwaweka shuleni.

Juma lile Béthanie hakutulia hata kidogo. Alifagia uwanja mara mbili. Alitia chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, akasahau, akatia tena. Kila gari lililopita barabarani alilichungulia.

Shida ilianza Jumanne. Yassini, mfanyabiashara wa unga, alikuja pamoja na Papa Mputu, baba mkwe wa Béthanie. Alitaka kuikodi mashini kwa miaka mitatu na kuihamishia karibu na Base, kambi ya jeshi, penye familia nyingi za askari. Alitaja bei. Kisha akasema anakwenda Bukama na atarudi Jumamosi. Kama Béthanie hatasema neno, basi wamepatana, naye atakuja na gari kuibeba. Papa Mputu akasema ni vizuri.

Béthanie alikuwa amepiga magoti, akiwapa maji. Kwao mke wa mtoto habishani mbele ya baba mkwe. Aliinamisha macho, akanyamaza. Wageni walikunywa maji, wakaenda zao wameridhika.

Ijumaa uvumilivu ulimwishia. Akavuka njia kwenda kwa jirani yake, Mama Kabange, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Mama huyo huanza kukuuliza maswali hata hujakaa. Béthanie alipoanza kumsimulia habari ya Yassini, akamkatiza.

"Ulimujibu nini?"

"Hakuna kitu. Nilinyamaza tu."

"Juu ya nini?"

"Papa mukwe alikuwa pale. Nitabisha namna gani mbele yake?"

"Basi weye haukukubali. Kunyamaza kwako iko heshima, haiko mukataba."

Béthanie akashusha pumzi. Mama Kabange akamweleza polepole, huku akichambua maharagwe. Mkataba ni mapatano yanayolindwa na sheria. Mmoja hutoa pendekezo, kama Yassini alivyofanya Jumanne. Mwingine hulikubali kwa hiari yake, bila kudanganywa wala kutishwa. Wote wawili wawe watu wazima wenye akili timamu. Jambo wanalopatana lijulikane wazi: mashini ipi, muda gani, bei gani. Na sababu yake iwe halali, maana mahakama haimsaidii mtu aliyepatana kuuza mali ya wizi.

Yassini hawezi kuamua peke yake kwamba kimya cha mwenzake ni jibu. Papa Mputu naye hawezi kukubali badala ya mwenye mashini, kwa sababu hakutumwa.

"Lakini usibakie kimya," Mama Kabange alisema. "Kesho useme wazi, mbele ya bote. Na leo uongee na bwana yako. Sheria inaomba mupatane kwanza."

Béthanie akampigia Ézéchiel simu. Wakapatana kwamba mashini isitoke nyumbani. Mengine, alisema Ézéchiel, ayapange Béthanie mwenyewe.

Jumamosi gari likaja kweli, na wabebaji wawili. Papa Mputu alikuwa ameketi kitini. Béthanie alipiga magoti, akamsalimu. Aliogopa, lakini safari hii aliinua macho.

"Papa, unisamehe. Heshima yenu iko palepale. Lakini minyi sikukubali. Hii mashini haitatoka."

Yassini akafura. Alilalamika kwamba amekwisha kuwaahidi watu wa Base. Béthanie akamjibu kwamba ahadi ile aliitoa Yassini mwenyewe. Kisha akatoa pendekezo lake: Yassini alete mahindi hapa, siku tatu kila juma, asagiwe kabla ya wengine, kwa bei moja isiyobadilika, miezi sita. Naye yuko huru kukataa.

Yassini alizunguka gari. Alipiga simu. Alizunguka tena, akarudi.

"Sawa," alisema. "Nimekubali."

Waliandika karatasi mbili zinazofanana: majina, siku, bei, muda, na watakachofanya mashini ikiharibika au mmoja akivunja mapatano. Mama Kabange, aliyekuwa amevuka njia kuja kusaidia, alizisoma mara mbili kwa sauti. Wakatia sahihi, kila mmoja akachukua yake.

Papa Mputu alikuwa bado hajasema neno, na hilo lilimuuma Béthanie kuliko hasira ya Yassini. Mwishowe mzee akakohoa, akauliza shahidi anaandika wapi jina lake. Aliandika taratibu, herufi moja moja, kwenye karatasi zote mbili.

"Siku ingine uniambie mapema," alimwambia Béthanie. "Minyi nilifikiri umefurahi."

Jumatatu gari la Yassini lilirudi na magunia kumi na mawili ya mahindi. Béthanie akafunga kitambaa kichwani, akawasha mashini yake.