Maji Moto Bila Hodi

Ilianza na maji ya baridi. Rumaisa, katoto ka miaka sita, alitia mikono kwa karai asubuhi anawe uso, akaitoa haraka.

"Mama, hii maji inachoma."

Kuluthum akatia mkono wake. Ilikuwa baridi, baridi ya Salgaa vile mnaijua. Lakini ilinuka oili ya lori.

Sasa sikizeni. Baba ya huyu mtoto, Zayed, alikuwa anafanya kazi kwa ile kiwanda ya oili chafu, ile wanatoa kwa malori, wanaipika, inauzwa tena. Kiwanda ilikuwa imevuja miaka mingi. Oili ikazama, ikaanza kutafuta visima ya watu mpaka upande wa Rongai. Wakaambiwa, mkitaka kuendelea na kazi, safisheni huo udongo. Wakazamisha mabomba, wakawa wanasukuma mvuke chini ndio oili iyeyuke, pampu iinyonye pamoja na maji.

Zayed ndiye alikuwa anafungua mvuke. Na nyanya yake wa Bondeni alikuwa amemlea vizuri: humwagi maji moto chini bila kupiga hodi, kuna wenye mahali. Kila asubuhi anainama kwa bomba, anasema, "Wenye mahali, toeni watoto. Moto inakuja."

Kipruto wa pampu alikuwa anamcheka. "Boss, leo bomba imesema niaje?"

"Imekusalimia. Imesema uoge."

Halafu siku moja wakubwa wakatoka Nairobi, wakasimama nyuma ya Zayed na helmeti zao mpya. Akaona haya. Akafungua kimya. Huko chini kitu ikalia, sauti nyembamba, kama mtoto amemwagikiwa chai. Wageni wakasema ni hewa.

Kesho yake ndio karai ikamchoma Rumaisa. Kufika jioni mgongo wake ilikuwa imejaa malengelenge, na hakuna moto ilikuwa imemgusa. Dawa ya kupaka ya zahanati haikusaidia.

Wakamleta Mzee Shariff kutoka Nakuru, yule husomea watu. Akaanza kusoma, na vile anasoma harufu ya oili ikapanda kutoka kwa simiti, ikaingia kwa blanketi, kwa nywele, kwa mate mdomoni, na chini ya kitanda kitu ikawa inapumua haraka haraka kama mtoto mwenye homa, mpaka mzee mwenyewe akaacha kusoma.

"Umechoma mtoto wa wenyewe," akamnong'onea Zayed. "Mama yake anataka alale mahali baridi mpaka ngozi irudi. Akipona, atakuja kumchukua. Ukikataa, huyu wako ataisha."

"Alale wapi, mzee?" Kuluthum akauliza.

"Hapo hapo chini ya kitanda. Mumwekee mtungi ya maji. Siku maji itaamka safi, amepona."

Wakakubali. Mzazi angefanya nini? Malengelenge ikakauka. Lakini kila asubuhi maji ya mtungi ilikuwa na oili juu, inang'aa rangi rangi, Kuluthum anamwaga, anajaza ingine. Mchana anasikia Rumaisa anacheka huko chini ya kitanda.

"Unacheka na nani, mama?"

"Na huyu. Anajifunza kuongea kama mimi."

Halafu asubuhi moja maji ikaamka safi. Kuluthum akalia kwa furaha, akampigia Zayed, alikuwa ameshafika kazi. "Ameenda, baba Rumaisa. Tumebaki na wetu."

Akaweka simu chini, akamwita mtoto amnawishe. Mkono ya mtoto ilikuwa baridi kama mtungi, na vile iligusa maji ya karai, ile rangi rangi ikatambaa juu yake pole pole mpaka ikafunika yote, na mtoto akainama akanywa, akamwangalia Kuluthum akatabasamu.

"Mama, hii maji ni tamu."

Huko kiwandani Zayed alikuwa ameinama kwa bomba, moyo mwepesi. "Wenye mahali, toeni watoto."

"Fungua basi, boss," Kipruto akasema nyuma yake. "Mvuke imejaa."

Na kutoka chini, mbali sana, sauti ikajibu.

"Baba, mlango iko wapi?"